Dampa mpya ya kranki kwa Datsun 240Z: mali nzuri, nyundo iwekeni mbali

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyokata nitaieleza.

Gari yangu ni Datsun 240Z ya 1972, ile aina iliyochukua mbio za Safari Rally 1971 na dereva Edgar Herrmann halafu tena 1973 na Shekhar Mehta, ila hii yangu haijashinda kitu zaidi ya kushinda gereji. Injini ni L24, silinda sita mstari mmoja, nimeifungua yote, pistoni mpya, beringi mpya, kranki (ile shafti ndefu inayozungushwa na pistoni) imesagwa, pesa imekwenda huko hata sitaki kuhesabu. Sasa kufika kwenye puli ya mbele fundi akaipiga rangi nyeusi ile ile ya zamani akairudisha, na mimi nikaona imependeza kweli.

Kumbe ile si puli tu bana, ndo dampa yenyewe. Ndani ni habu (kitovu) ya chuma, nje ringi nzito, katikati yao raba. Kranki ya silinda sita ni ndefu, na kila silinda ikiwaka inaipinda kidogo kama mtu anayekamua nguo, halafu inajirudisha, na kwa mizunguko 6,000 kwa dakika hayo mapigo ni 300 kila sekunde. Ile ringi ya nje na raba yake ndo zinameza huo mtetemo. Raba ya miaka hamsini na ushee imekuwa ngumu kama kwato, ringi inateleza juu yake, na alama ya taimingi (ya kupangia plagi ziwashe wakati gani) iko kwenye ringi, kwa hivyo alama nayo inahama! Nilikuwa naweka taimingi kwa taa inasoma sawa kabisa na kitabu, gari ikianza kupanda Mazeras inagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nikatoa plagi ya silinda namba 1, nikaweka stopa ya kuzuia pistoni isifike juu, nikazungusha kranki kwa mkono polepole huku na huku, nikapiga alama mbili na katikati yake ndo juu kabisa ya pistoni. Alama ya puli ilikuwa imekimbia digrii kama 12 hivi. Miezi miwili namlaumu fundi kabureta bure.

Basi nikaagiza dampa mpya kutoka nje, pamoja na usafiri na ushuru ikanifikia kama elfu tisini za Kenya. Chuma ni safi, digrii zimechongwa kuzunguka ringi yote, na sehemu inayokaa kwenye oili sili imesuguliwa kama kioo (ile ya zamani ilikuwa imechimbwa mfereji na sili, ndo maana ilikuwa inalia oili).

Kuifunga sasa. Hizi za kisasa tundu lake linabana kuliko la asili, haiingii kwa kusukuma na kidole. Fundi wa kwanza akaja na kipande cha mbao na nyundo, nimegeuka kuchukua chai ashapiga mara mbili, nikamzuia jamani karibu tugombane. Ukipiga pale pigo lote linakwenda kwa beringi ya katikati, ile inayozuia kranki isicheze mbele nyuma, na raba yenyewe inaweza kuachia. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa leithi (mashine ya kuchonga chuma) huko Changamwe, akapima pua ya kranki na tundu kwa maikromita, akaondoa chembe ndogo sana mpaka ikabaki kubana kama sehemu moja ya elfu ya inchi, akaniambia "mwanangu, kitu hiki hakipigwi, huchemshwa." Nikadhani ananitania. Sufuria ya maji, dakika 20 inachemka, glavu mkononi, ufunguo wa kranki (kile kichuma kidogo kinachozuia dampa isizunguke peke yake) uko mahali pake, grisi kidogo kwenye mdomo wa sili, ikateleza mpaka mwisho kabla sijamaliza bismillahi. Ikipoa ndo imeshika hiyo. Bolti ni ya spana 27, kitabu cha Nissan kinasema nguvu ya kilo 12 mpaka 16 kwenye mkono wa mita moja, nikaweka gia ya nne kijana akakanyaga breki nikakaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Na siku ya kuitoa, pula (kifaa cha kuvutia) inashika matundu ya bolti kwenye habu, usithubutu kuvuta ringi ya nje.

Matokeo? Sailensa, yaani gari ikinguruma imesimama, hamna tofauti, nisiwadanganye. Lakini kuanzia mizunguko 4,500 kwenda juu, ule mtetemo uliokuwa unanipiga ganzi mkononi kupitia gia umeisha, na taimingi sasa ikisoma inasema kweli. Nguvu haikuongezeka, anayekwambia dampa inaongeza nguvu anataka kukuuzia.

Sasa ile nyota. Mfereji wa belti kwenye hii mpya umetoka mbele milimita kama 3 kuliko wa asili na hamna karatasi kwenye boksi inayosema hivyo. Nimekwenda Voi na kurudi, fenibelti imelika upande mmoja yote, ikabidi niweke washa nyuma ya alteneta mpaka zikalingana. Kwa bei ile walishindwa kuandika mstari mmoja kweli?

Ile ya zamani sijaitupa, kama kuna mtu hapa pwani anayemwaga raba mpya kwenye dampa aniambie.