Kokasi ya Iowa: inapima vizuri, inatangaza vibaya

Wapo wanaompigia kura mgombea kwa kuwa wanamtaka, na wapo wanaompigia kwa shingo upande kwa kuwa wameambiwa huyu ndiye atakayeshinda. Karatasi zao zikishaingia kwenye sanduku, hakuna wa kuzitofautisha. Chama kinaweza kumbeba mgombea wake mtarajiwa hadi mkutano mkuu bila kujua ni kura ngapi kati ya zile anazojivunia zimeshikwa na uzi mwembamba.

Kokasi ya chama cha Democratic katika jimbo la Iowa, Marekani, yaani mkutano wa mtaa ambapo wanachama huchagua mgombea urais wanayemtaka, hadi 2020 ilikuwa inaukata uzi huo mbele ya watu. Tunaikagua hapa kama huduma nyingine yoyote: inavyotumika, inapoharibikia, na kama inafaa kuigwa. Toleo tunaloliangalia ni la Jumatatu, 3 Februari 2020, pamoja na programu ya simu iliyokuja nalo. Mwishoni tutaigusa kadi ya posta ya 2024 iliyochukua nafasi yake.

Mwaka 2020 huduma hii ilikuwa na kazi iliyoifaa kabisa. Joe Biden, makamu wa rais wa zamani, alikuwa ameongoza tafiti za maoni za kitaifa kwa sehemu kubwa ya mwaka uliotangulia. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ndiye wa kumwangusha Donald Trump. Waliosita walitaja umri wake wa miaka 77, ulimi unaoteleza jukwaani, na mikutano yenye viti vitupu. Wengi wao bado walimtaja yeye walipopigiwa simu na watafiti.

Utaratibu wenyewe wa 2020 ulikuwa huu. Saa moja usiku wakazi wa kila mtaa wanakutana kwenye ukumbi wa shule, kanisa au maktaba. Jimbo zima lilikuwa na vituo karibu 1,700, na viliongezwa vya mbali, vingine huko Paris, Glasgow na Tbilisi. Wanaohudhuria wanahesabiwa, kisha kila mtu anakwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wake. Kikundi kisichofikia kizingiti, ambacho kwa vituo vingi ni asilimia 15 ya waliohudhuria, hakihesabiki. Watu wake wana nafasi moja tu ya kuhamia kikundi kingine, kuungana na wanyonge wenzao wafikie kizingiti, au kwenda nyumbani. Kituo chenye wajumbe watatu (wanaokiwakilisha kwenye mikutano ya juu ya chama) kina kizingiti cha moja ya sita, chenye wawili ni asilimia 25, na chenye mjumbe mmoja hakina duru ya pili.

Tuchukue ukumbi wa kubuni wenye watu 120 na wajumbe 6. Asilimia 15 ya 120 ni 18. Duru ya kwanza: A ana watu 41, B 33, C 24, D 14, E 8. D na E wameanguka. Watu wao 22 wangeweza kuungana na kuvuka kizingiti, ila mara nyingi hawaafikiani nani ajitoe. Tuseme 9 wanakwenda kwa A, 7 kwa B, 4 kwa C, na wawili wanavaa makoti na kuondoka. Sasa A ana 50, B 40, C 28. Kila idadi inazidishwa kwa 6 na kugawanywa kwa 120: A anapata 2.5, B 2, C 1.4. Nusu inapandishwa, kwa hiyo wajumbe ni 3, 2 na 1.

Angalia kigawanyo. Kinabaki 120 hata baada ya wale wawili kuondoka. Hapo ndipo wasimamizi wengi wa kujitolea wanapojikwaa: wanahesabu vichwa upya, wanapata 118, wanaandika 118. Kwenye mfano wetu haibadilishi kitu. Kwenye kituo ambacho kikundi kiko kwenye 1.49, inahamisha mjumbe. Na wajumbe wakibaki wa kugawa huku vikundi vimelingana, sheria iliruhusu kurusha shilingi. Ndiyo, shilingi kabisa, mbele ya kamera.

Msomaji wa Kenya atakumbuka mlolongo wa chama tawala cha KANU wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni hadharani na aliyezidisha asilimia 70 alipita bila kupingwa. Kufanana kupo: jirani anakuona umesimama wapi, na bosi wako pia. Tofauti ni duru ya pili. Mlolongo uliuliza mara moja. Kokasi ilimuuliza aliyeanguka, "Na huyu asipokuwepo, je?" Mgombea ambaye watu walimkubali tu alipata jibu lake papo hapo.

Biden alilipata. Duru ya kwanza jimbo zima ilimpa karibu asilimia 15. Baada ya watu kuhama, alishuka chini ya 14. Pete Buttigieg, meya wa zamani wa South Bend ambaye nchi ilikuwa bado inajifunza kulitamka jina lake, alipanda kutoka takriban 21 hadi 25. Wagombea wenzao Bernie Sanders na Elizabeth Warren nao walipanda kidogo. Maana yake ni kwamba Biden alianguka chini ya kizingiti kwenye kumbi nyingi na watu wake wakatawanyika, na waliotawanyika kutoka kwingine hawakumkimbilia kwa wingi wa kuziba pengo. Utafiti wa simu haukupi kitu hicho. Unakupa asilimia moja iliyonyooka, bila kukuambia nani yuko tayari kuhama akisukumwa kidogo.

Hata utafiti wa simu ulikwama mwaka huo. Ule wa mwisho wa gazeti la Des Moines Register na CNN, uliosubiriwa kuliko wote, ulifutwa usiku wa 1 Februari kabla ya kutangazwa. Mpigaji simu mmoja alikuwa ameongeza ukubwa wa herufi kwenye skrini yake, jina la Buttigieg likakatwa kwenye orodha aliyokuwa akiisoma. Waliofuta walifanya vyema. Iliyobaki ikawa kokasi peke yake.

Kuna sehemu moja ya toleo la 2020 inayostahili sifa bila masharti: kadi ya karatasi. Kila mhudhuriaji alipewa moja yenye upande wa 1 na upande wa 2. Upande wa kwanza aliandika chaguo la duru ya kwanza na kutia sahihi. Aliyekuwa kwenye kikundi kilichovuka kizingiti alifungwa hapo, akarudisha kadi na kuruhusiwa kwenda zake. Aliyeanguka aligeuza kadi na kujaza upande wa pili. Miaka ya nyuma hesabu ya vichwa ilipotea ukumbi ukishafungwa. Sasa kulikuwa na karatasi ya kurudia.

Sheria hiyo ya kufungwa ina kasoro yake, maana wenye kikundi imara wanaondoka mapema na duru ya pili inafanyika kwenye ukumbi nusu mtupu. Bado ni nafuu kuliko zamani, watu walipokuwa wakivutana mashati hadi usiku wa manane.

Tuje kwenye uharibifu. Kwa mara ya kwanza chama kilitangaza namba tatu kwa kila kituo: duru ya kwanza, duru ya mwisho, na makadirio ya wajumbe wa jimbo. Zamani ilikuwa hiyo ya tatu tu, na makosa yalifichika ndani yake. Zilipowekwa zote tatu pamoja, New York Times lilikuta kasoro kwenye vituo zaidi ya 100. Kuna duru ya mwisho iliyokuwa na watu wengi kuliko ya kwanza, kikundi kilichovuka kizingiti kikapungua (jambo ambalo sheria haikuruhusu), na wajumbe kugawanywa zaidi ya waliokuwepo. Sababu yake si wizi. Ni mwalimu mstaafu anayekokotoa kwa kalamu huku watu 200 wakimzonga.

Programu ya simu ilinunuliwa ili imwondolee mzigo huo. Ilitengenezwa na kampuni iitwayo Shadow, kwa takriban miezi miwili, na chama cha jimbo kililipa zaidi kidogo ya dola 60,000. Kwa kazi ya namna hii bei hiyo ni ya kutupwa, na ilionekana. Haikuwa kwenye duka la kawaida la programu. Mwenye iPhone alipaswa kwanza kuweka TestFlight, jukwaa la kujaribia programu ambazo hazijaiva, kisha aipate kwa mwaliko. Mwenye Android alipitia njia nyingine ya majaribio iitwayo TestFairy. Ukishaiweka, unahitaji namba ya kituo, namba ya siri iliyochapwa kwenye karatasi, na uthibitisho wa hatua mbili. Mpe hatua zote hizo mtu mwenye miaka 70, usiku, ndani ya jengo la kanisa lenye mtandao wa kubahatisha. Wengi walijaribu kuiweka jioni ile ile. Wengine walipiga picha karatasi zao za matokeo na kuzirusha mitandaoni, namba ya siri ikiwa wazi.

Waliofanikiwa kuingia hawakusalimika. Takwimu walizoingiza zilipokelewa sawasawa, lakini sehemu ya kuzitoa kwenda makao makuu ilikuwa na kosa la kimsimbo, ikawa inatoa vipande tu. Uchunguzi ulioagizwa na chama cha Iowa baadaye ulionyesha kwamba chama cha taifa kilidai, kokasi ikiwa imekaribia, kiongezwe kifaa cha kugeuza takwimu ziingie kwenye mfumo wake. Kosa lilikuwa humo. Anayenunua programu ajifunze hapa: ukiongeza sehemu mpya wiki za mwisho, jaribu njia nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, usiijaribu skrini ya kuingizia peke yake.

Njia ya dharura ilikuwa simu. Namba yake ilikuwa imechapwa kwenye zile zile karatasi zilizokuwa zikisambaa mitandaoni, kwa hiyo wakorofi nao wakaipiga. Katibu wa kituo kimoja cha Story County alikuwa hewani CNN akihojiwa na Wolf Blitzer, sikio la pili likiwa kwenye simu ya chama aliyokuwa ameisubiri kwa zaidi ya saa nzima. Simu ikapokelewa. Akachelewa kugeuka, ikakatwa, nchi nzima ikisikia.

Usiku ule hakikutangazwa chochote. Kipande cha kwanza, karibu asilimia 62 ya vituo, kilitoka jioni ya siku iliyofuata, na hesabu ikakamilika Alhamisi. Buttigieg alipata wajumbe 14 wa mkutano mkuu wa taifa, Sanders 12, Warren 8, Biden 6, Amy Klobuchar 1. Sanders alikuwa na watu wengi zaidi kwenye duru zote mbili, Buttigieg akamzidi kwa unywele kwenye makadirio ya wajumbe wa jimbo, kwa kuwa wajumbe waligawiwa maeneo kwa kura za chaguzi zilizopita na si kwa idadi ya waliojitokeza usiku huo. Ukijaza ukumbi wa mji wa chuo kikuu mara mbili, hupati wajumbe mara mbili. Shirika la habari la AP lilikataa kumtaja mshindi.

Aliyenufaika na vurugu hizo ni Biden. Nafasi ya nne kwa mgombea mtarajiwa ingekuwa habari ya asubuhi. Asubuhi habari ikawa programu. Kipimo kilikuwa kimesoma homa, ila kioo chake kilikuwa kimepasuka.

Tuwe waadilifu pia kuhusu anayepimwa. Iowa ni jimbo la watu weupe kwa zaidi ya asilimia 80, na kokasi ilimtaka mtu awepo kwa mwili saa moja usiku wa baridi. Muuguzi wa zamu, mama mwenye mtoto mchanga, dereva wa lori, wote walikuwa nje. Mpango wa kuwaruhusu kushiriki kwa simu ulikataliwa na chama cha taifa mwaka 2019 kwa hofu ya usalama. Waliohudhuria 2020 walikuwa kama 176,000, wakati 2008, mwaka Barack Obama alipomwacha Hillary Clinton nafasi ya tatu, walikaribia 240,000. Na 29 Februari 2020, South Carolina, ambako wapiga kura Weusi ndio wengi kwenye mchujo wa chama hicho, ilimpa Biden zaidi ya asilimia 48. Mashaka ya Iowa yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa ya Iowa.

Kadi ya posta ya 2024 inaelezeka haraka. Uliiomba, ikaja na majina matatu na kisanduku cha "asiyefungamana" (na mgombea yeyote), ukairudisha kwa posta, matokeo yakatangazwa 5 Machi. Hapakuwa na foleni, hapakuwa na programu, hakuna aliyekatiwa simu. Biden alipata takriban kura tisa kati ya kumi. Duru ya pili haikuwepo, kwa hiyo wanaomtaka na wanaovumilia wakachanganyika tena kama zamani. Mdahalo wake na Trump ukafuata 27 Juni, na 21 Julai akajitoa.

Kile kisanduku cha asiyefungamana si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1976 kikundi cha wasiofungamana ndicho kilichoongoza Iowa, Jimmy Carter akiwa nyuma yao. Lakini hakisemi sababu. Michigan, 27 Februari 2024, zaidi ya watu 100,000 walikichagua, na kampeni iliyowahamasisha ilihusu Gaza. Aliyekiweka alama kwa sababu ya umri wa Biden amehesabiwa nao.

Alama: duru mbili za ukumbini, nyota 4 kati ya 5. Kadi ya pande mbili, 5. Hesabu ya wajumbe, 2. Programu, nusu nyota, kwa kuwa angalau takwimu zilizoingia hazikupotea. Kadi ya posta ya 2024, 3, yote kwa kufika salama.

Chama kinachotaka kuiga kichukue kadi ya pande mbili, kiruhusu ijazwe nyumbani na kurudishwa kwa posta, kiache wajumbe na kitangaze idadi ya watu tu. Karatasi ya matokeo ipigwe picha na itumwe ilivyo, namba ya siri ikiwa kwenye karatasi nyingine. Na kila msimamizi apewe kikokotoo cha vitufe cha mkononi, kwa maana simu yake itakuwa inasubiri kupokelewa.