Bangili, pete au jiwe ghafi: ununue yaspi ipi Mwanza

Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu cha yaspi, lile jiwe la pambo, chukua bangili ya shanga nyekundu. Naiweka namba moja kwa sababu unaweza kuikagua palepale kwa muuzaji. Chungulia tundu la kila shanga. Wekundu wa yaspi ni oksidi ya chuma, yaani kutu, iliyochanganyika na silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga na kioo) tangu jiwe likijijenga, kwa hiyo rangi imezama hadi ndani. Shanga ya kupakwa hujisaliti hapo tunduni: rangi imeganda ukingoni, ndani peupe. Bado una wasiwasi? Isugue kwa pamba yenye dawa ya kutoa rangi ya kucha. Pamba ikiwa nyekundu, mrudishie mwenyewe bangili yake. Kisha imulike kwa tochi ya simu. Yaspi haipitishi mwanga. Ikipitisha, huenda ni kioo, au akiki, ambayo ni jiwe zuri tu la ukoo huohuo, ila usikubali kuuziwa kwa jina lisilo lake.

Ya pili ni pete. Ugumu wa yaspi ni 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoishia 10 kwa almasi, hivyo inamfaa hata mama anayeparua sato kila siku. Kisu cha kawaida hakiichubui. Mwambie sonara aache mgongo wa jiwe wazi ili ulione lote. Na bei ipande kwa ajili ya madini ya fedha yaliyolishika, si jiwe: yaspi si adimu, asikutoze kama anauza rubi.

Vijiwe vilivyosuguliwa vya kuweka mezani ni vya tatu. Bei ndogo, watoto wanavipenda, basi.

Jiwe ghafi naliweka mwisho, ingawa ndilo ninalolipenda kuliko yote. Upande wa Geita ipo miamba ya kale yenye mistari ya chuma na silika, ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na katika miamba ya namna hiyo tabaka jekundu la silika ndilo yaspi. Lakini si kila jiwe jekundu la ufukweni ni yaspi. Mawe makubwa ya Mwanza, Bismarck likiwemo, ni granaiti: punje zake unaziona kwa macho. Yaspi haina punje za kuonekana, na ikivunjika huacha uso laini uliobonyea. Kulikata jiwe ghafi kunataka msumeno wenye ncha za almasi, kwa hiyo ulizia kwanza gharama ya fundi, kisha ununue kwa mwenye leseni ya madini na udai risiti.