Inhela kwenye famasi za Mwanza: tafuta duka linalosema "hebu nionyeshe"

Ukinunua inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, hapa Mwanza, iwe katikati ya mji, Kirumba au Igoma, mara nyingi utaambiwa "tikisa, bonyeza, vuta", utafungiwa kwenye mfuko, basi. Mara chache muuzaji atakurudishia inhela mkononi na kusema: "Hebu nionyeshe unavyotumia." Hiyo ya pili ndiyo huduma tunayoipima hapa. Majina ya maduka hatuyataji, kwa sababu ubora wake humfuata aliye zamu na hauendi na kibao cha mlangoni. Famasi hiyo hiyo asubuhi ni nzuri, jioni ni hovyo.

Kumuuliza mgonjwa kama anajua kutumia ni kupoteza muda. Mwenye pumu ya miaka mingi atajibu "ndiyo, mbona najua", na anaamini kweli. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema hadi asilimia 70–80 ya wagonjwa hawatumii inhela sawasawa, na wengi wao hawana habari. Kosa linaonekana kwa macho tu, kwa hiyo muuzaji anayefaa kuwa mkaguzi hunyamaza kwanza na kutazama.

Kwa pampu ya gesi, ile ya kubonyeza, anatazama haya. Umetoa kifuniko na kuchungulia ndani? Inhela inayokaa mfukoni bila kifuniko hubeba sarafu na makombo, na kitu hicho kinaweza kuvutwa hadi kwenye njia ya hewa. Umetikisa? Salbutamol, dawa ya kufungua kifua iliyo kwenye inhela ya bluu, huelea mkebeni kama chembe ndani ya gesi, kwa hiyo usipotikisa, mpulizo mmoja unakuja na dawa nyingi na mwingine kidogo. Umetoa pumzi nje kabla ya kuweka mdomoni? Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na bila hiyo mapafu hayana nafasi ya kuvuta kwa kina. Kisha midomo ifunge barabara, ulimi ushuke, uanze kuvuta polepole ndipo ubonyeze mara moja, uendelee kuvuta kwa sekunde 3 hadi 5, halafu ushike pumzi sekunde 10 au kadiri unavyoweza.

Mkono na pumzi kutopatana ndiyo kero kubwa. Ukibonyeza mapema, dawa inabaki mdomoni. Ukichelewa, pumzi imekwisha na dawa inaishia kooni. Wengine huvuta kwa nguvu kama wanaokunywa soda kwa mrija, na matone yanagonga nyuma ya koo badala ya kukata kona kwenda chini. Wengine hushtushwa na ubaridi wa gesi wakaacha kuvuta katikati. Wapo pia wanaobonyeza mara mbili mfululizo ndani ya pumzi moja ili "iingie vizuri". Chumba kidogo cha kupimia ndani ya vali kinahitaji muda kujaa tena, hivyo subiri kati ya sekunde 30 na dakika 1, tikisa, anza upya. Mkaguzi akikuona umefanya hivyo asikueleze mambo yote kumi kwa mkupuo. Arekebishe moja au mawili mazito, kisha arudie neno lile lile: nionyeshe tena. Akikuruhusu uondoke bila kurudia, huo ukaguzi ni nusu.

Inhela za unga zina sheria kinyume, na hapo ndipo wauzaji wenyewe huchanganya. Unga huvutwa haraka na kwa nguvu, maana hakuna gesi ya kuusukuma. Kwa zile za kidonge cha kapsuli, mkaguzi aombe kuona kapsuli baada ya kuvuta. Ikiwa unga umebaki, vuta mara ya pili. (Ndiyo, wapo wanaomeza kapsuli. Si kosa la ajabu, kwa kuwa inafanana na dawa ya kumeza.) Usipulizie pumzi ndani ya kifaa, kwa sababu unyevu hugandisha unga. Kwa mvuvi wa dagaa au mchuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mikono haikauki kutwa. Kapsuli ikae kwenye karatasi yake hadi dakika ya kuitumia, na mikono ifutwe kwanza. Famasi inayouza inhela ya unga bila kuuliza mtu anafanya kazi gani imeruka swali muhimu.

Swali jingine linalotenganisha famasi nzuri na mbaya ni: "Ile ya bluu ulinunua lini mara ya mwisho?" Salbutamol hufungua kifua kwa muda, lakini uvimbe ndani ya njia za hewa haiugusi. Kazi hiyo ni ya inhela ya kuzuia, yenye steroidi, ambayo wengi huiacha kwa sababu haileti nafuu papo hapo. GINA inahesabu mikebe 3 au zaidi ya salbutamol kwa mwaka, ya mipulizo 200 kila mmoja, kuwa dalili ya hatari ya kubanwa vikali. Muuzaji anayekupa wa nne kwa tabasamu hajakusaidia. Akuulize pia kama unatumia propranolol (dawa ya moyo na presha) au matone ya macho ya timolol, ambazo huweza kubana kifua, au kama dawa za maumivu kama diclofenac na aspirini hukubana kifua. Na anayekushauri vidonge kwa kuwa ni rahisi, mkumbushe hesabu: kidonge cha miligramu 4 kina salbutamol sawa na mipulizo 40 ya mikrogramu 100. Kutetemeka mikono na moyo kwenda mbio ndiko kunakotoka huko.

Mkebe usio na kihesabio unahitaji kalamu. Mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni humaliza 200 kwa siku 50, basi andika tarehe ya kuisha juu ya mkebe. Kuutikisa usikilize, au kuuelesha kwenye maji, hakukwambii kitu, kwani gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha. Plastiki ioshwe kwa maji ya uvuguvugu mara moja kwa wiki na kukaushwa kwa hewa. Mkebe wa chuma usiloweshwe. Usiuache juani kwenye boti au dashibodi ya daladala, wala usiutupe kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba, utalipuka. Baada ya inhela ya steroidi, sukutua na uteme, la sivyo utando mweupe unaota mdomoni.

Tunapotoa alama za chini kabisa ni kwenye spesa, chombo chenye uwazi kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kwa mtoto si anasa. Anavuta pumzi 5 au 6 za kawaida kwa kila mpulizo, mpulizo mmoja kwa wakati, na aliye chini ya miaka 4 anahitaji kinyago. Ikikosekana dukani, mfamasia mzuri huonyesha chupa ya maji ya nusu lita: kitako kinatobolewa kwa waya wa moto kwa umbo kamili la mdomo wa inhela ili hewa isivuje, na mtoto anavuta upande wa shingo ya chupa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 uliona chupa iliyozibwa vizuri inafanya kazi kama spesa ya kununua kwa watoto waliobanwa. Ioshe kwa sabuni, ichuruzike yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji na kunasa dawa.

Kasoro nyingine ni ya kujenga: dirisha dogo la kioo. Muuzaji haoni midomo yako, na foleni yote inakusikiliza. Omba uingie ndani au pembeni, hasa saa za mchana kabla watu hawajatoka kazini. Duka la dawa muhimu halilazimiki kuwa na mfamasia, kwa hiyo ukaguzi huu utafute famasi. Beba inhela zako zote, hata zile za zamani, na panga kwenda karibu na saa ya dozi yako ili mpulizo wa kuonyesha usiwe wa bure. Makosa hurudi baada ya wiki 4 hadi 6, na bado ni nadra kukutana na famasi inayokuambia urudi.

Ukiwa huwezi kumaliza sentensi moja, au mbavu za mtoto zinaingia ndani anapovuta, usisimame kaunta. Puliza inhela ya bluu mara 4 hadi 10 kupitia spesa (mtoto wa miaka 5 kushuka, mara 2 hadi 6) huku mkielekea hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na rudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza.