Carolyn Sampson na nyimbo za Schumann: uzoefu wangu baada ya miezi mitatu

Mara ya kwanza kuisikiliza albamu hii, inayosimulia maisha ya mwanamke kwa nyimbo, mume alikufa kwanza, harusi ikafuata, uchumba ukaja mwishoni, na katikati ya msiba akaingia kijana wa matangazo kuniuliza kama nimeshaweka mkeka wa leo. Kosa si la mwimbaji. Nilikuwa natumia programu ya bure kwenye simu, ile inayochanganya nyimbo inavyojisikia. Kwa bongo fleva haina neno. Kwa albamu hii ni kama kuokota barua zilizotawanywa na upepo ukazisoma unavyoziokota.

Nikavunja kibubu, nikanunua mafaili yenyewe pamoja na kijitabu chake cha PDF. Ninayoandika hapa ni ya mtu aliyelipa kwa pesa yake.

Albamu inaitwa Album für die Frau, yaani albamu ya mwanamke. Ilitoka 2021 kwa BIS, kampuni ya Uswidi. Anayeimba ni Carolyn Sampson, soprano (sauti ya juu ya kike) wa Uingereza, na kwenye piano yuko Joseph Middleton. Mhimili wake ni Frauenliebe und -leben, yaani mapenzi na maisha ya mwanamke, nyimbo nane ambazo mtunzi Mjerumani Robert Schumann alizitunga 1840 kwa mashairi ya Adelbert von Chamisso. Msichana anamwona mwanamume, anampenda, anavishwa pete, anaolewa, anapata mimba, ananyonyesha, anafiwa. Kwa kawaida zinaimbwa nane mfululizo bila kupumzika. Hapa zimeachanishwa, na katikati zimepachikwa nyimbo nyingine za Robert, nyimbo za mkewe Clara, na vipande vya piano peke yake.

Niseme nilivyomfahamu Sampson. Mimi ni soprano wa kwaya ya kanisa la Kilutheri, KKKT, wa kusoma noti za sol-fa (do, re, mi) tangu Sunday school. Mwalimu wetu akitaka kutuonyesha jinsi ya kushika noti ndefu anatuwekea kantata za Bach, nyimbo zake za kanisa za kwaya na vyombo, zilizorekodiwa na kikundi cha Bach Collegium Japan chini ya Masaaki Suzuki, na baadhi yake anaimba Sampson. "Sikilizeni anavyoishika bila kuitikisa," anatuambia, halafu anatutazama sisi wa mstari wa mbele kwa macho ambayo sitayaeleza. Kwa miaka mingi kazi ya Sampson ilikuwa hiyo, Bach, Handel, Purcell, na vyombo vya kale. Albamu yake ya kwanza ya nyimbo na piano, Fleurs, ilitoka 2015 tu.

Ndiyo maana nilinunua kwa wasiwasi. Kwetu kwaya kuna imani kwamba sauti ya Bach ni moja na sauti ya nyimbo za mapenzi za karne ya 19 ni nyingine kabisa. Waliozoea muziki wa kale hutumia mtetemo wa sauti kama chumvi: noti inaanza imenyooka, mtetemo unakuja baadaye, tena kidogo. Waimbaji wa opera hutetemesha tangu noti inapozaliwa. Watu husema sauti iliyonyooka ni nyembamba, haiwezi kubeba mzigo wa Schumann.

Wimbo wa kwanza, Seit ich ihn gesehen, ulinijibu ndani ya dakika moja. Maneno yake ya mwanzo yanasema tangu nilipomwona nadhani nimekuwa kipofu. Piano inatembea polepole, akodi moja (noti kadhaa zikipigwa pamoja), kimya, akodi nyingine. Sampson anaingia kama msichana anayejisemea mwenyewe dirishani, hana habari kama kuna mtu anamsikia. Nimewahi kuusikia wimbo huu kwa sauti kubwa za opera, na tatizo lake ni kwamba binti anaingia akiwa tayari mama mwenye nyumba. Miaka mingine yote iliyobaki atakulia wapi?

Kingine ni maneno. Sina Kijerumani cha kujivunia, lakini noti za Schumann zinapatikana bure mtandaoni, na nilipozifungua niliweza kufuata kila silabi. Kila konsonanti iko mahali pake, hata zile za mwisho wa neno ambazo sisi waimbaji huwa tunazimeza.

Sasa lawama, maana ipo. Wimbo wa pili, Er, der Herrlichste von allen, unamsifia mwanamume kama nyota ya mbinguni, na piano inagonga akodi zilezile bila kuchoka. Huo unataka kifua. Juu kabisa Sampson anang'aa, lakini akishuka chini sauti inapungua, na mimi nilisikia kama piano inampisha njia. Nimeurudia mara nyingi kwa spika na kwa earphone. Kwa wimbo huo mmoja ningechukua sauti nene zaidi.

Ule wa tano utawafurahisha kina mama. Bibi harusi anawaita dada zake waje kumpamba, Helft mir, ihr Schwestern, na mwishoni piano inageuka maandamano ya kwenda kanisani. Ni kitchen party bila kungwi. Nilicheka peke yangu.

Lakini kungwi huyo hakukosekana kwa bahati mbaya, na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Wimbo wa sita, Süßer Freund, mke anamweleza mumewe kwamba ni mjamzito. Anamwita asogee karibu, anataka kumnong'oneza. Katika shairi la Chamisso kuna ubeti ambamo mke anasema alishamuuliza mama yake juu ya dalili alizokuwa akiziona, na mama akamthibitishia. Schumann aliufuta ubeti huo. Mahali pake panaongea piano, na siri yenyewe haitamkwi. Kimuziki ni pazuri mno. Middleton anapapiga kwa utulivu ambao hata Baba Neema, aliyekuwa anasoma gazeti, aliniuliza, "Mama Neema, huyu anasali?" Nikamwambia anamwambia mumewe ana mimba. Akakunja gazeti.

Hata hivyo mama kafutwa. Tena si yeye tu. Chamisso aliandika mashairi tisa. La tisa ni la yule mwanamke akiwa bibi, anaongea na mjukuu wake wa kike. Schumann aliliacha pia. Kwa hiyo mama mzaa chema hayupo, mjukuu hayupo, na dada wanaonekana dakika mbili za kupamba kisha wanaagwa. Anabaki mwanamke mmoja anayemzunguka mwanamume mmoja, na mwanamume akifa dunia inafungwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyimbo za Clara zimepachikwa katikati. Mwanzoni ziliniudhi, niliona zinanikatia hadithi. Sasa nazisikia kama mtu aliyeingia chumbani kukaa na huyu mwanamke. Clara hakuwa mwali wa kungojea dirishani. Robert alipokuwa anatunga nyimbo hizi nane, Julai 1840, mchumba wake alikuwa mpiga piano mwenye jina Ulaya, na wawili hao walikuwa mahakamani kwa sababu baba yake Clara, Friedrich Wieck, alikataa kata kata wasioane. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba mwaka huohuo kwenye kanisa la Schönefeld, nje kidogo ya Leipzig, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Alizaa watoto wanane huku akiendelea na safari za matamasha. Robert alifariki 1856. Clara aliishi miaka 40 zaidi, akipiga na kufundisha.

(Leipzig hiyohiyo ndiyo iliyotuma wamisionari wa Kilutheri Kilimanjaro mwaka 1893. Nyimbo nilizokulia nazo Moshi zilipanda mlima na watu wa mji ule, ila hizi za mapenzi hawakuzibeba.)

Na hapa sauti nyepesi inalipa deni la wimbo wa pili. Sampson anatoka kwa msichana wa Chamisso kwenda kwa Clara na kurudi bila kubadili nguo. Nyimbo za Clara ni fupi na zimebanwa. Ukizipigia kelele zinapasuka.

Wimbo wa nane, Nun hast du mir den ersten Schmerz getan, ndio wa kifo. Sasa umeniumiza kwa mara ya kwanza, anamwambia marehemu, kama anamgombeza. Karibu hauimbwi, unasemwa juu ya akodi chache, na mtu aliyeimba resitativo za Bach, ule uimbaji wa kama kusema, maisha yake yote hapo yuko nyumbani. Mtetemo anauondoa kabisa. Sauti inakuwa baridi kama sakafu ya saruji asubuhi. Akinyamaza, piano peke yake inarudia muziki wa wimbo wa kwanza, ule wa dirishani, mbali na bila maneno. Nikiwa na earphone, usiku, nilijikuta nasubiri aingie tena. Haingii.

Machache ya matumizi. Usiisikilize kwa spika ya simu, utapoteza nusu ya kazi ya Middleton. Zima kabisa kitufe cha kuchanganya nyimbo. Kijitabu kina mashairi yote kwa Kijerumani na tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo asiye na lugha hizo itambidi aombe msaada. Mimi nimeanza kuwatafsiria wenzangu wa alto, sauti ya chini ya kina mama, wimbo mmoja kila baada ya mazoezi ya Alhamisi. Tumefika wa tatu. Juzi mmoja kauliza huyu mwanamume mbona hatajwi jina, nikapekua mashairi yote nane na kweli halimo. La mke nalo halimo. Alto wamempa la kwao, wanamwita Mama Nane.