Mumble kwa mikutano ya sauti: tathmini kutoka Tabora

Programu ya sauti ya kikundi ukiipima ofisini Dar, kwenye faiba, kila kitu ni kizuri. Ipime na watu kumi na wawili: watano Ipuli na Ng'ambo, mmoja Urambo kwenye bando la simu, waliobaki Kigoma, huko Gungu na Ujiji, saa mbili usiku mtandao ukiwa umejaa. Hapo ndipo Mumble inapoonyesha ubora wake, na hapo hapo inaanza kukatakata usipogusa mipangilio.

Mumble ni programu huria, ipo tangu 2005, hailipiwi na haiulizi namba ya simu. Seva unaiweka mwenyewe. Kwenye Debian au Ubuntu ni `sudo apt install mumble-server`, kisha `sudo dpkg-reconfigure mumble-server` kuweka nywila ya SuperUser (akaunti ya msimamizi), basi. Seva ya kukodi yenye RAM ya megabaiti 512 inakitosha kikundi cha ukubwa huu na bado inapiga miayo. Sauti inabanwa kwa kodeki ya Opus, ambayo hata kwa kilobiti 24 kwa sekunde mtu unamtambua kwa kikohozi chake.

Kasoro kubwa ni namna inavyoficha tatizo la kwanza kabisa. Mumble inatumia mlango wa mtandao (port) 64738 kwa njia mbili za kusafirisha data: TCP kwa kuingia, majina na ujumbe wa maandishi, UDP kwa sauti. Wengi wanafungua TCP, wanaona majina yamejipanga, wanadhani kazi imeisha. UDP ikiwa imefungwa, programu inaandika mstari mmoja kwenye dirisha la ujumbe ambao hakuna anayeusoma, kisha inapitisha sauti ndani ya TCP. Sasa TCP haikubali kitu kipotee: pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, ikipotea, zote zilizo nyuma yake zinasubiri itumwe upya. Ndiyo maana mtu ananyamaza sekunde nzima, halafu maneno yanakuja kwa mkupuo au hayaji kabisa. Ukisikia hivyo, usimlaumu aliyeko Urambo. Kwenye seva, fungua ukuta wa ulinzi (firewall): andika `sudo ufw allow 64738/tcp`, rudia kwa `64738/udp`, na kama seva ni ya kukodi angalia pia ukurasa wa usimamizi wa kampuni, maana mara nyingi kuna ukuta wa pili huko. Kuhakiki, endesha kwenye seva `sudo tcpdump -ni any udp port 64738` wakati mtu anaongea. Skrini ikikaa kimya, UDP haifiki, na hakuna mpangilio mwingine utakaokusaidia mpaka ifike.

UDP ikishapita, sauti ikikatika inakatika kwa namna nyingine: silabi zinadondoka. Mtu anasema «mkutano», wewe unasikia «tano». Hapa Mumble inapata maksi zake zote. Bofya jina la mtu kwa kitufe cha kulia, fungua Information, utaona hesabu za pakiti pande zote mbili: zilizofika (Good), zilizochelewa (Late) na zilizopotea (Lost). Kila mtu anaona zake na za walio kwenye chumba kimoja naye. Mwenye ruhusa ya usimamizi anaona za wote. Ubishi wa «mtandao wako ndio mbaya» unaishia hapo. Mmoja akisikika vibaya kwa wote, shida ni njia yake ya kupandisha, au maikrofoni yake. Mmoja akiwasikia wote vibaya, ni njia yake ya kushusha. Wote wakisikiana vibaya, nenda kwenye seva.

Na seva ya nyumbani ndiyo inayozidiwa mapema, kwa sababu ambayo hesabu yake ni rahisi. Mumble haichanganyi sauti, inanakili. Programu ya kompyuta inakuja na kilobiti 40 za sauti kwa sekunde, katika pakiti za milisekunde 20. Hizo ni pakiti 50 kila sekunde, na kila moja inabeba vichwa (maelezo ya safari na ulinzi) vya IP, UDP na usimbaji visivyopungua baiti 32. Vichwa peke yake ni kilobiti 12.8, kwa hiyo mtu mmoja anakula kama 53. Akiongea mmoja kati ya kumi na wawili, seva inatoa nakala 11: kilobiti 583. Wakicheka watatu kwa pamoja, nakala ni 33 na mzigo unapita megabiti 1.7 kwa sekunde. Laini inayopandisha megabiti moja hapo imekwisha. Kwa hiyo kama sauti yenu inaharibika pale tu kicheko kinapozuka, mchawi mmempata.

Dawa iko kwenye faili la mipangilio, `/etc/mumble-server.ini` (matoleo mapya huliweka ndani ya `/etc/mumble/`). Tafuta `bandwidth`. Matoleo mapya yanakuja na 558000, yaani biti kwa sekunde kwa kila mtu, ukarimu wa watu wenye faiba. Andika `bandwidth=40000`, kisha `sudo systemctl restart mumble-server`. Huna haja ya kumpigia simu kila mwanakikundi: programu zao zikiingia zinaambiwa kikomo, zinapunguza ubora na kurefusha pakiti zenyewe. Pakiti za milisekunde 40 zinapunguza vichwa hadi kilobiti 6.4. Tunashauri msivuke milisekunde 40: ukifika 60, pakiti moja ikipotea imeondoka na silabi karibu nusu. Kwa wanaohesabu bando, kikomo hicho ni megabaiti 18 kwa saa ya kumsikiliza mtu mmoja asiyenyamaza. Kila mkutano una mmoja wa aina hiyo.

Late zikiwa nyingi kuliko Lost, pakiti zinafika ila kwa mwendo wa daladala: tatu kwa pamoja, kisha hakuna. Ongeza bafa, yaani muda ambao programu inazikusanya pakiti kabla ya kuzisikilizisha. Kwenye Settings, upande wa Audio Output, kuna Default Jitter Buffer. Ipandishe hadi milisekunde 40 au 60. Utachelewa kidogo kusikia, lakini utasikia neno zima. Kama ni rauta ya pamoja na kuna mtu anashusha filamu chumba cha pili, bafa haitafua dafu. Weka CAKE, mpangaji wa foleni za pakiti kwenye rauta (ipo kwenye mifumo ya rauta OpenWrt na RouterOS 7), uipe asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi ya laini, ili foleni ijengeke kwako na si kwenye mnara.

Kuna mkato mmoja ambao si wa mtandao kabisa, nao kwa Kiswahili ni wa hatari. Maikrofoni ikiachwa ijifungue yenyewe kwa kusikia sauti, kizingiti kikiwa juu, herufi dhaifu za mwanzo zinamezwa. «Hatutafika» inapoteza «ha», na kikundi kinawasubiri watu ambao wamesema hawaji. Shusha kizingiti, au tumia kitufe cha kubonyeza ndipo uongee. Sisi tunapendelea kitufe, hasa nyumba ikiwa na kuku.

Kuhusu mahali pa kuweka seva: kabla hujaiweka sebuleni, fungua rauta uone anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja ya mtoa huduma na mtu wa nje hawezi kukufikia. Kodi seva. Ikiwa Ulaya itachelewesha sauti, ila umbali peke yake haukati maneno. Pendekezo la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, liitwalo G.114, linaruhusu milisekunde 150 kwa upande mmoja kabla mazungumzo hayajaanza kugongana.

Anwani hiyo ya pamoja ina mtego mwingine. Mumble inafungia anwani iliyojaribu kuingia mara 10 ndani ya sekunde 120, kwa sekunde 300, na matoleo mapya yanahesabu hata majaribio yaliyofanikiwa. Mtandao ukiyumba, wanachama sita wa laini moja wakiingia na kutoka, wanaonekana kama mtu mmoja msumbufu, na yeyote kati yao anayejaribu kuingia anafungiwa nje dakika tano. Kwenye faili lile lile la mipangilio weka `autobanSuccessfulConnections=false` na upandishe `autobanAttempts` hadi 40.

Kwenye Android tumia Mumla, programu ya kuingilia seva ya Mumble, inapatikana bure F-Droid, duka la programu huria. Hakikisha Force TCP imezimwa, na uiondoe Mumla kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri, la sivyo skrini ikizima sauti inazima nayo.