TAHADHARI BUKAVU: kuna muuzaji anauza vishikio vya gurudumu la akiba vya bomba jembamba, na gurudumu lako analibadilisha

Wandugu wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani, someni hii kabla hamjatoa dola zenu.

Gari letu ni Land Rover Series III, ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Miaka yote gurudumu la akiba lilikaa juu ya kapo ya injini, kwenye kisahani chake, limebanwa vizuri. Shida ni kwamba mdogo wangu, ambaye ndiye dereva, si mrefu. Kwenye mteremko gurudumu lilimficha mawe ya mbele, na kila asubuhi akitaka kuangalia maji na mafuta ilibidi ainue kapo pamoja na ule mzigo wa zaidi ya kilo thelathini. Tukaamua kulihamishia nyuma.

Tukaelekezwa kwa muuzaji mmoja upande wa Kadutu. Ana vishikio vyenye mkono unaofunguka pembeni, vimepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Akaniambia: "Papa, hii ni ya kiwandani, imetoka Dubai, inafungwa kwenye shasi." Yaani kwenye fremu ya chuma iliyobeba gari zima. Bei dola 160, pesa yote mbele, na lazima wafunge vijana wake. Gari likalala kwake siku mbili. Hapo ndipo nilipokosea, sikumwacha mtu wetu pale.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Kamanyola. Mpaka Nyangezi hakukuwa na neno. Tulipoanza kuteremka mlima wa Ngomo tukasikia mlio nyuma, kama mtu amepiga bati kwa nyundo. Mdogo wangu hakuwahi hata kusimama. Mkono ulikatika kwenye bawaba, gurudumu likadunda barabarani. Nyuma yetu kulikuwa na pikipiki iliyombeba mama na mtoto mgongoni. Gurudumu liliwapita karibu sana, likagonga ukingo likalala. Yule mama alishuka akakaa chini, akashindwa kusema. Mpaka leo nikifumba macho namwona. Ndiyo sababu naandika.

Tuliporudi, fundi wetu wa kuchomelea alikata ule mkono kwa msumeno. Bomba ni jembamba, la kutengenezea vitanda. Kwenye maungio yule muuzaji alichomelea vidoto viwili vitatu tu, kisha akajaza mastiki, ile dawa ya kuzibia bati, akapiga msasa na rangi juu yake. Bawaba ni zile za geti la nyumba. Na habari ya shasi ilikuwa uongo mtupu: bolti zote nne zilishika bodi ya nyuma peke yake, ambayo ni alumini, bila hata kipande cha chuma upande wa ndani. Alumini imepasuka kuzunguka kila tundu.

Halafu likaja la pili. Nilipolisafisha lile gurudumu nikatazama namba za ubavuni. Wengi hatuzisomi: baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Langu nililinunua jipya, lilikuwa 3122, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2022. Lililokuwa mbele yangu liliandikwa 1409. Saizi ni ileile, 7.50-16, limepakwa dawa nyeusi likang'aa, lakini mpira umekauka na kupasuka kati ya meno. Tairi langu lilibaki kwake.

Nilirudi kumwona. Kwanza akasema barabara ni mbaya, si kosa lake. Kisha akaahidi kurudisha nusu ya pesa. Baadaye simu ikawa haipatikani, na vijana wake wakasema hawanijui. Vishikio vingine viwili vilikuwa vimesimamishwa mlangoni, vinasubiri mtu.

Ukitaka kununua kwa yeyote, dai kuuona mkono kabla haujapakwa rangi. Muuzaji akikataa, ondoka. Kwaruza maungio kwa kisu: mastiki inatoka unga, chuma hakitoki. Ukishafungwa, lala chini ya gari ufuate bolti kwa mkono. Lazima zifike kwenye boriti ya nyuma ya shasi. Kisha mtu mzima aning'inie kwenye mkono na kujitikisa. Bodi ikicheza, usilipe. Kuning'inia huko ni kidogo kuliko kinachofanywa na mashimo yetu, kwa sababu kila gari likidunda gurudumu nalo linavuta upya. Usikubali pia kulifunga kwenye ngozi ya mlango wa nyuma wa Land Rover hizi: ni bati la alumini juu ya fremu nyembamba, litapasuka tu, hata kama bawaba ni nzima.

Wengine watasema weka juu ya paa. Kwa mtu anayepita Ngomo mimi nakataa, gari limeshakuwa refu kwenda juu na huo ni uzito mwingine juu. Chini ya gari nako mawe na matope vitalimaliza. Kwa sasa letu liko ndani, nyuma ya viti, limesimama na kufungwa kwa bolti moja ndefu na mkanda. Tumepoteza nafasi ya gunia moja. Mdogo wangu anaona barabara, na hakuna kitu kinachoning'inia nyuma.

Na wewe uliyekwisha kufungiwa mkono mweusi upande ule, usisubiri safari. Shusha gurudumu leo jioni, angalia bolti zimeishia wapi, kisha soma zile tarakimu nne ubavuni. Ukikuta si tairi lako, andika hapa chini, ili twende kulalamika tukiwa wengi.