Kikokotoo cha umbali wa ndege: uzoefu wangu, Nairobi hadi Lamu

Kazi yangu ni kupokea wageni hapa Lamu, na kabla hata ya kuuliza bei ya chumba mgeni huuliza ndege inachukua muda gani. Nami nahitaji kujua boti ivuke saa ngapi kwenda Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wa ndege. Kwa hiyo natumia moja ya zile tovuti za kukokotoa umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili. Ni ya bure, tena inafunguka hata mtandao ukisuasua.

Kwa umbali sina neno. Ukiandika vifupi vya viwanja, NBO na LAU (NBO ni JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, LAU ndio uwanja wa Manda) inakupa kama kilomita 455. Malindi, MYD, hadi Manda ni kama 140. Inatoa pia maili za baharini, na hapo ndipo ami yangu, nahodha wa miaka mingi, alipoinua macho. Kilomita hazimwambii kitu, lakini maili 246 alizipima palepale kwa siku za tanga, kusi na kaskazi. Rubani naye hupima kwa maili hiyohiyo ya kilomita 1.852.

Muda ndio wa kuangalia vizuri. Inachukulia ndege yoyote ni jeti ya kilomita 800 kwa saa, kisha inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Nairobi hadi Manda inatoka saa moja na dakika nne. Huku zinakuja ndege za propela. Dash 8 kubwa inakimbia kama kilomita 650 kwa saa, na Cessna Caravan haifiki hata 400. Mimi humwambia mgeni saa moja na robo, na ikiwa ndege inatua Malindi kwanza, njia yenyewe inarefuka kwa kilomita mia hivi, bado kushusha na kupakia abiria.

Kituko ni pale inapokupa na saa za gari. Gari, mpaka uwanja wa Manda! Barabara inaishia Mokowe, mbele ni maji. Anayekuja kwa basi kupitia Garsen na Witu anashuka hapo, anapanda boti moja kwa moja hadi mjini. Manda hana haja nayo.

Na kutua si kufika. Mizigo inashushwa, inapandishwa mkokoteni hadi gatini, ndipo mnavuka. Kuvuka kwenyewe ni kama dakika kumi kwenda mjini, kijiji cha Shela zaidi kidogo. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji yakitoka ngazi za gati zinabaki wazi na ukoga wa kijani unaoteleza, na bibi mwenye viatu vya visigino hushikwa mikono yote miwili. Hilo peke yake hula robo saa.

Jambo la mwisho: ukiandika "Nairobi" tu, inachukua JKIA. Mwenye tiketi ya kutoka Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, aandike WIL. Kwenye kikokotoo tofauti ni kilomita kumi na kitu. Kwenye foleni ya Mombasa Road ni kuachwa na ndege.